Kilo Kumi na Nane za Mkwe Wangu

Mkwe wangu amejipa jina mwenyewe, Upepo, kwa sababu anaendesha gari la mashindano. Hajapata kushinda, lakini jina analo. Gari lenyewe alilinunua kuukuu, akatafuta pa kuliweka, na katika nyumba nzima macho yake yakatua kwenye chumba changu cha kushonea, kile cha mbele chenye mlango mpana. Cherehani yangu ikahamia kwenye ujia, kati ya friji na mlango wa choo. Miezi minne nimeshonea sare za shule pale, na kila aliyebanwa haja ananiruka mimi na vitambaa vyangu.

Sikununa. Nilimwita mezani, binti yangu akiwa shahidi, tukapatana. Kwenye mashindano ya mwisho wa mwezi, akimaliza ndani ya watano wa kwanza, chumba ni chake mpaka nife. Akikosa, gari linatoka nje na cherehani inarudi.

"Mama, utauzoea tu huo ujia," akaniambia.

"Tutaona nani atazoea nini, mwanangu."

Basi ikamwingia kichwani kwamba gari ni zito. Aliambiwa na wenzake, wale wanaokusanyika kila Jumamosi kuitazama injini kama watu waliokuja kuona mtoto mchanga. Akamleta fundi mmoja mpole, tunamwita Spana, ili watoe kiyoyozi na hita. Nikavuta kiti changu, nikaketi mlangoni. Chumba changu kikifanyiwa kitu, sharti nijue.

Spana alianza kwa kuifyonza gesi ya kiyoyozi kwa mashine yake. Mkwe alitaka bomba likatwe tu, yaishe.

"Ukikata itakurukia usoni ikuunguze kwa baridi," Spana akasema bila kuinua kichwa. Mkwe akarudi nyuma hatua mbili.

Ikatoka kompresa, nzito kama jiwe la kusagia. Ukatoka wavu ulio mbele ya rejeta, yakafuata mabomba. Kisha wakaing'oa dashibodi yote ili wafike ndani. Skrubu thelathini na moja, nilizihesabu, maana walizitia kwenye bakuli langu la vifungo.

Alipoifikia hita, Spana akasita. "Hii mimi ningeiacha. Hii na feni yake ndiyo inayopuliza kioo cha mbele. Mvua ikikukuta, pumzi yako yote itaganda pale."

"Nimeangalia hali ya hewa ya mwezi mzima. Mvua hakuna. Toa."

"Upepo," nikamwita. "Kitendawili."

"Mama, tuko kazini."

"Sema tega."

Akashusha pumzi. "Tega."

"Nyumba yangu ina dirisha moja kubwa. Mvua inanyesha nje, dirisha linalia ndani."

Spana akainama kuficha uso. Mkwe akajifanya anafikiri, nadhani kwa heshima tu. "Sijui."

"Basi nipe mji, nikupe jibu."

"Sitoi mji wala kijiji. Spana, fungua hiyo mipira."

Spana akafungua mipira ya maji, akaitoa hita na feni yake, akaiunganisha ile mipira yenyewe kwa yenyewe ili maji ya injini yazunguke bila kupita mle. Mkwe akaleta mizani ya bafuni, akapima kimoja kimoja na kuandika ukutani kwa chaki yangu ya kushonea. Jumla, kilo kumi na nane. Alichekelea kama mtu aliyejifungua.

"Hebu panda na wewe," nikamwambia.

Akapanda, kwa vile alikuwa na furaha. Mizani ikasoma tisini na tisa. Suti yake ya harusi niliishona mimi, siku ile alikuwa na kilo sabini na tisa, na vipimo vyake ninavyo kwenye daftari mpaka leo.

"Kilo kumi na nane umezitoa chini ya dashibodi," nikasema, "na ishirini umeziacha chini ya shati. Hizo hazina skrubu?"

Spana akatoka nje, eti anatafuta spana namba kumi. Mchana mkwe akala sahani mbili, akasema kazi ya gari inachosha.

Siku ya mashindano wingu lilikuwa limetanda tangu asubuhi. Kabla hajavaa kofia yake ya chuma nikampa kitambaa cha pamba nilichokikunja pindo mwenyewe.

"Cha nini, Mama?"

"Cha jibu."

Akakichomeka kwenye mkono wa ovaroli. Mimi na binti yangu tukaenda kukaa jukwaani chini ya mwavuli mmoja. Magari yalikuwa kumi na moja, mizunguko kumi. Mvua ikaanza nyepesi, na sitaficha, mizunguko miwili ya kwanza alikwenda vizuri. Alikuwa wa nne. Nilijiona nikizeekea kando ya friji.

Mzunguko wa tatu mvua ikakaza, akafunga dirisha. Kioo chake kikawa cheupe kama maziwa. Akachomoa kitambaa, lakini mikanda ya mashindano imembana mgongo kwenye kiti, mkono haufiki kiooni. Ukaishia hewani, tukauona kwa dirisha la pembeni ukipunga kitambaa. Watu wakadhani anawasalimia. Wengine wakampungia.

Baada ya hapo alikwenda polepole kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Mwenye kipaza sauti akasema, "Gari namba saba, tafadhali, njia iko kushoto kwako." Akapitwa na mwalimu wa hesabu, mwanamke mwenye umri wangu, gari lake lina kiyoyozi, hita, mpaka redio. Mkwe alimaliza wa kumi. Wa kumi na moja alikuwa amepasukiwa na tairi.

Mvua sikuiomba. Nilichoomba ni chumba.

Kesho yake, kabla sijanywa chai, nikasikia gari linasukumwa nje. Kisha akaja kwenye ujia, akaibeba cherehani peke yake, akaenda kuiweka chini ya dirisha, palepale ilipokuwa. Kumbe alipakumbuka. Zile hesabu za chaki akazifuta ukutani kwa kile kitambaa. Halafu akasimama mlangoni, hatoki wala haingii.

"Mama, kile kitendawili. Nakupa mji."

"Jibu si umeshalipata?"

"Hata hivyo. Chagua wowote."

"Mji baki nao, baba. Mimi kinanitosha chumba." Nikachukua futi yangu ya kamba, maana suruali yake ilikuwa inamkaba kiunoni na nafsi yangu haivumilii. "Njoo hapa nikupime. Na usivute tumbo ndani, mizani imeshasema."