Madam wa Kaunta

Meneja wa lile shirika la bima alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko mshahara wake: mwanamke anayesimama kaunta awe na nywele zilizolala. Si nywele safi, si nywele zilizochanwa, la. Zilizolala! Za kwake mwenyewe zililala zamani na hazikuamka tena, kichwa kikabaki king'avu kama sinia, lakini nani angethubutu kumwambia?

Sasa hebu fikiria. Mapokezi walikuwa wanawake watatu, wote vibarua, na hakuna hata mmoja mwenye unywele wa kulala. Mama Pacha alifunga mabutu. Mchumba, aliyeitwa hivyo kwa sababu uchumba wake ulikuwa umedumu kuliko ndoa za watu wengi, alikuwa na kipilipili kifupi. Na Kichuguu, ndiye huyu tunayemfuata, nywele zake zilisimama wima tangu utotoni. Bibi yake ndiye aliyempachika jina, naye akaenda nalo mpaka kazini. Mama yake alisema mpaka sauti ikamkauka: "Mwanangu, zitie dawa, utakosa kazi na mume kwa mpigo mmoja!" Kichuguu alijaribu dawa mara moja tu. Ikamuunguza utosi, akaapa hairudii.

Basi wakachanga, wakanunua wigi. Moja, lakini zuri, si yale yanayonuka plastiki jua likiwaka. Kaunta ilikuwa na dirisha moja, kwa hiyo aliyesimama dirishani ndiye aliyevaa, na wenzake wawili walibaki chumba cha nyuma wakipanga mafaili. Wigi wakalibatiza Madam.

"Madam yuko wapi?"

"Yuko msumarini, anapumzika."

"Mlete, shoga, zamu yangu imefika."

Madam alimbana Mama Pacha mpaka nyusi zikapanda. Alimzamisha Mchumba mpaka masikioni. Kwa Kichuguu alikaa juu ya ule msitu akiyumbayumba, kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Wateja hawakujali. Mtu ambaye gari lake limegongwa ana mengine ya kuangalia.

Meneja ndiye aliyeangalia. Kila akielekea ngazini alitupa jicho dirishani, akaona nywele zimelala, moyo wake ukatulia. Uso? Aa, huo haukumhusu. Siku akiwa na furaha alisimama kidogo akauliza habari za nyumbani, akajibiwa na yeyote aliyekuwa chini ya Madam siku hiyo.

Asubuhi moja simu ya ndani ikalia. "Yule mwenye nywele nzuri apande kwangu mara moja."

Wote watatu walijua ni nini. Nafasi moja ya kudumu ilikuwa imetoka, na jengo zima lilikuwa linanong'ona habari zake. Na Madam, kwa bahati au kwa balaa, alikuwa kichwani kwa Kichuguu.

"Nenda," Mama Pacha akamwambia, akimvuta Madam upande wa kushoto ili akae sawa. "Usitutie aibu."

"Ukiipata, usijifanye hutujui," Mchumba akadakia.

Kichuguu alipanda ngazi mkono mmoja ukimshikilia Madam. Aliitaka kazi ile, jamani, tusifichane. Miaka mitatu ya kuambiwa "tutaona" inachosha hata mwenye subira, na yeye subira hakuwa nayo.

"Karibu, karibu!" Meneja akainuka kabisa. "Jino linaendeleaje?"

Jino lilikuwa la Kichuguu kweli. Akafurahi: kumbe huyu mzee ananijua! "Nimeling'oa, bosi. Nimepona."

"Na pacha?"

Kichuguu akamkumbuka Mama Pacha. "Pacha... surua imewaachia, bosi. Wanacheza."

"Vizuri sana. Na harusi yako? Si mwezi ujao?"

"Mwezi ujao, bosi. Mungu akipenda."

Meneja akaketi, akakuna kidevu. "Na baba wa pacha, anasemaje kuhusu hiyo harusi?"

"Amefurahi mno," Kichuguu akasema, jasho likimchuruzika chini ya Madam. "Amechangia."

Meneja akatikisa kichwa kwa mshangao. Lo, mwanamke wa chuma huyu! Jino, surua, harusi, na bado asubuhi yupo, mchana yupo, jioni yupo. "Sijawahi kukuona ukienda kula," akasema. "Hata msalani!"

"Najikaza, bosi."

"Basi kuanzia Jumatatu wewe ni mwajiriwa wa kudumu. Mkuu wa mapokezi!"

Kichuguu nusura apige vigelegele. Mdomo ulishafunguka.

"Na wale wenzako wawili," Meneja akaendelea, "tutawaachisha. Sijawaona kaunta hata siku moja! Wewe tu, wewe tu. Kuna mmoja ana kichaka kichwani, kila siku nakutana naye ngazini anazurura. Huyo ndiye ataanza kuondoka."

Mdomo ukafungika. Kwa pumzi moja Kichuguu alikuwa ameajiriwa na kufukuzwa. Hasira ikampanda kutoka kwenye visigino. Akamshika Madam kwa mikono miwili, akamvua, akamlaza juu ya meza kando ya simu. Nywele zake, zilizobanwa tangu alfajiri, zikainuka polepole na kujinyoosha.

Meneja akarudi nyuma na kiti chake mpaka ukutani. "Wewe! Wewe si yule wa ngazini?"

"Ndiye. Huwa nazurura nikikuletea mafaili yako."

"Na... na yule dada yuko wapi?"

"Huyo hapo mezani. Muulize habari za pacha."

Kabla hajajibu, kelele zikapanda kutoka chini: watu wanagonga kioo, mmoja anadai kurudishiwa bima yake na ya mkwewe. Meneja akakimbilia mlangoni. "Mbona hakuna mtu kaunta?"

"Hatuwezi kusimama, bosi!" Sauti ya Mama Pacha hiyo, kutoka chini ya ngazi. "Madam yuko huko kwako!"

"Madam gani?"

"Mwenye nywele zilizolala! Mteremshe tufanye kazi!"

Meneja akageuka, akalitazama lile wigi. Inaelekea kwa dakika nzima alifikiria kweli kulirusha chini. "Nendeni hivyo hivyo!" akafoka.

"Na vichwa vyetu hivi?"

"Na hivyo hivyo!"

"Halafu utufukuze?"

"Sifukuzi mtu!"

"Sema kwa sauti, bosi, wateja wawe mashahidi!"

"SIFUKUZI MTU!"

Foleni nzima ikapiga makofi. Meneja akafunga mlango, akarudi kuketi, akajifuta kipara.

"Kwa hiyo baba wa pacha hakuchangia harusi?" akauliza, kama aliyeumia.

"Hapana, bosi. Ana mke wake. Ndiye aliyekuwa anakujibu sasa hivi."

"Nafasi ya mkuu bado ipo," Meneja akasema hatimaye. "Lakini hizo nywele..."

"Hizi ndizo zilizokuwa chini ya zile ulizozipenda," Kichuguu akamjibu. Hakuinamisha kichwa. "Kazi yote uliyoisifia zimefanya hizi, na mabutu, na kipilipili. Nitakaa nazo hizi, au mpe kazi huyo aliyelala mezani."

Meneja alimtazama. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni: macho, pua, shavu lililokuwa bado limevimba kidogo. Akavuta fomu ya ajira kutoka mtoto wa meza, akashika kalamu, kalamu ikabaki hewani.

"Samahani," akasema, sauti imeshuka sana. "Unaitwa nani?"

Miaka mitatu. Kichuguu alitaka kucheka, akajizuia. Kisha akamwambia jina lake, na la baba yake, na la babu yake, polepole, moja baada ya lingine. Meneja akaandika. La pili akalikosea.

"Futa, bosi," Kichuguu akasema. "Anza tena."