Sahihi ya Fundi Badawi

Mimi si mtu wa kusifu. Ukinisikia nikimwambia mtu kazi yake nzuri, ujue nimeshikwa na homa. Siku Ibtihal alipoletwa karakanani kwangu hapa Langoni, mtaa wa Amu, na barua ya chuo mkononi, hata karibu sikumwambia. Nilimwonyesha mashine ya boti iliyolala sakafuni matumbo nje, nikamwambia aioshe kwa petroli.

Nilidhani chuo kimenitupia mzigo. Miaka thelathini nimetengeneza mashine za boti kwa kuzisikiliza tu, nani atanifunza? Lakini zikaja hizi mpya zenye kompyuta ndani. Zikizimika zinakaa kimya kama bibi harusi, nami nikawa nazirudisha kwa wenyewe nikisema zina shetani. Ibtihal aliziunganisha na simu, akasoma palipoharibika, akanionyesha. Mwezi wa nne wateja walionihama wakaanza kurudi. Mwezi wa sita nilikuwa nasinzia mchana, yeye akifunga pampu za maji peke yake, na mke wangu Saadiya ameketi mlangoni ili watu wasipate la kusema.

Yote haya sikuyatamka. Nina sababu. Mpwa wangu Uthman alijifunza kazi papa hapa. Nilimsifu barazani mbele ya watu, siku ya Jumatatu. Alhamisi propela ikamkata vidole viwili. Tangu hapo mdomo wangu nimeufunga. Isitoshe, kizuri chajiuza, sasa ya nini kukitembeza?

Ibtihal alihitaji kufuzu mafunzo haya ya kazini mara hii, si nyingine. Baba yake, kule Mbwajumali, alimpa ruhusa moja tu: amalize, apate cheti, aende kwenye hoteli ya Kiwayu iliyokuwa ikimngoja aangalie mashine za boti zao. Akishindwa, arudi nyumbani, na habari ya mashine isitajwe tena. Nilijua hayo yote. Ndiyo maana nikijitazama leo najiona mpumbavu kuliko wapumbavu.

Mkaguzi wa chuo, Bwana Hesbon, mtu wa bara, alifika saa sita kasoro akitokwa na jasho, boti ya kumrudisha ng'ambo Mokowe ikimngoja. Siku hiyo hapakuwa na mashine mbovu hata moja, maana Ibtihal alikuwa amezimaliza zote siku iliyotangulia. Kwa hivyo hakuwa na la kumwonyesha mgeni. Na kitini pale ameketi nani? Ghassan, mwenye boti nne, ambaye Langoni nzima yajua akimsifu mbuzi wako, mbuzi huyo haoni jua la kesho.

"Mzee, huyu msichana anaiweza kazi?" Hesbon akauliza, kalamu tayari.

Ghassan akatega sikio.

"Hayui kitu," nikasema. "Mzito. Hata plagi hufungua kwa taabu. Nimemweka kwa huruma tu."

Kwa mtu wa Amu maneno hayo ni hirizi. Unamvisha mtoto, unapumua. Hesbon aliyaandika yote kama yalivyo.

"Na peke yake, anaweza kutengeneza mashine?"

"Aharibu mashine za watu? Sithubutu."

Akaniletea karatasi, nikatia sahihi bila miwani. Nilidhani karatasi ni karatasi tu, kazi iko mikononi. Akampa Ibtihal nakala yake, akaenda zake mbio.

Ibtihal aliisoma mara mbili. Hakulia. Aliiweka juu ya meza akaenda kunawa mikono, na mikono yenyewe ilikuwa safi. Ghassan ndiye aliyeichukua.

"Badawi," akasema, "umemwangusha mwana huyu. Hapa pameandikwa hakufuzu, na sahihi yako iko tini yake."

Nilikimbia hadi gatini. Mimi na magoti yangu haya, nikipiga kumbo punda na watu, ndara moja nimeiacha njiani. Hesbon alikuwa ameshaketi botini. Nikaikamata kamba ya boti.

"Bwana, yale n'losema si kweli! Yule mtoto ayua kazi kunishinda mimi! Mashine zilizonishinda yeye amezitia roho! Nti hii haina fundi kama yeye!"

Nilipaza sauti mbele ya abiria wote, na wengine wakacheka. Maishani mwangu sijapata kusema maneno kama hayo. Nilikuwa nalia, wala sioni haya kulitaja.

"Mzee," Hesbon akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniua, "nilikuuliza mara mbili. Ukajibu mbele ya shahidi, ukasaini. Nikibadilisha sasa, watasema umenipa kitu. Na matokeo nimeshayatuma kwa simu. Atarudia mwaka ujao."

"Mwaka ujao babake hamwachi!"

"Basi kwa nini hukusema ukweli?"

Nilijaribu kumweleza habari ya jicho la husuda, na vidole vya Uthman, na Ghassan pale kitini. Kila nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunitazama kama mzee aliyepotewa na akili. Nahodha akaniomba niachie kamba. Sikuachia. Vijana wawili ndio waliovifungua vidole vyangu kimoja kimoja.

Niliporudi, Ibtihal alikuwa amekunja ovaroli, begi lake liko kizingitini. Saadiya alisimama kando yake.

"Mwanangu," nikasema, "ntakwenda chuoni mimi mwenyewe. Ntazungumza na babako. Wewe ni fundi. Fundi wa haki."

"Ami, usitaabike kunionea huruma," akasema. "Yale ulosema kwanza ndiyo ya kweli. Nami nilikuwa nikidhani hivyo hivyo siku zote."

"La! Nilisema vile kukukinga. Ghassan alikuwa papa hapa!"

Alinitazama bila hasira.

"Yeo alikuwako Ghassan," akasema. "Na miezi sita yote, siku ambazo hapakuwa na mtu ila mimi nawe na Bi Saadiya, ulikuwa ukinikinga na nani?"

Nilimgeukia mke wangu anitetee. Saadiya alichukua begi la mtoto wa watu, akatoka naye.