Gurudumu la Mchukuzi

Hugh Pettifer alikuwa amebandika sikio kwenye pazia, bata bukini mzima yuko kapuni miguuni pake, akingoja maneno matatu. Nani atamchukua sasa? Hayo tu. Nje, kwenye jukwaa, Ralph Oakes aliyevaa taji la bati alikuwa akimlilia mwanawe aliyeuawa, na umati uliosimama uani ulikuwa umeacha kuvunja njugu. Oakes akishayasema maneno hayo, Pettifer angeingia.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi kwenye majumba ya michezo ya Bankside. Hakuna mchezaji aliyepewa mchezo mzima. Kila mmoja alipewa ukanda wa karatasi wenye maneno yake mwenyewe, na juu ya kila fungu maneno mawili matatu ya mwenzake ya kumwita aingie. Mengine ungeyajua ukiyasikia. Ukanda wake Pettifer alikuwa ameusoma mstari wa kwanza tu, akausokota na kuutia mfukoni. "Mchukuzi anaingia na toroli." Mchukuzi! Yeye, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akichomoza pua tu pazieni, watu wanashika mbavu!

Aliyeuandika mchezo huo ni Ambrose Lyde, kijana wa kucha zilizotafunwa, aliyekuwa akitangaza katika kila kilabu cha pombe kwamba wachekeshaji waseme walichoandikiwa kisha wafunge midomo. Pettifer alimchukia waziwazi wala hakuona haya. Asubuhi ile alijigamba mbele ya kundi zima, povu la bia likiwa bado masharubuni: "Nitaingia na bata bukini, niwaambie ndiye mjane wa marehemu. Tuone nani atalia." Wote walicheka, isipokuwa Oakes.

Sasa Oakes alinyamaza kidogo huko nje, na Pettifer akaliinua kapu. Kisha ikaja sauti ya mfalme: "Mwondoeni." Askari wakamnyanyua maiti, baragumu likalia, na maombolezo yakaishia hapo. Yale maneno matatu hayakusemwa.

"Wee Gervase! Mwito wangu uko wapi?"

Gervase, mshika kitabu, ndiye pekee aliyekuwa na mchezo mzima mkononi. Hakuinua macho. "Umepita."

"Umepita wapi? Mimi si kiziwi. Yule mtoto kanipa mwito usiokuwepo, si ndiyo? Kanichezea shere."

"Haya, tazama mwenyewe." Mzee akamgeuzia kitabu na kuweka kidole. Maneno yalikuwepo, chini ya jina la Oakes. "Lyde hajui kitu. Yuko juu roshanini anamalizia kucha. Ralph ndiye kayameza."

Pettifer alisimama kama aliyepigwa kofi na mtu aliyemlisha. Miaka kumi na miwili yeye na Oakes walikuwa wamelala kitanda kimoja njiani na kumegeana mkate. Akautoa ule ukanda mfukoni, angalau aone ni nini alichonyimwa, akausoma kwenye mwanga wa mlangoni, midomo ikimchezacheza, kwa kuwa kusoma alijifunza ukubwani.

Alipofika mstari wa nne akaisogeza karatasi karibu zaidi na mwanga.

Miaka sita nyuma, kiangazi cha tauni, binti yake Cicely alikufa akiwa na umri wa miaka tisa. Wachukuzi wa maiti waligoma kuingia mtaani kwao. Pettifer alimlaza mtoto kwenye toroli akalisukuma mwenyewe hadi kwenye shimo la kuzikia, na gurudumu likawa linalia njia nzima, naye Cicely alikuwa mtoto asiyependa kelele. Akagonga mlango baada ya mlango akiomba siagi kidogo ya kulipaka. Hakuna aliyefungua. Kisa hicho alimsimulia Lyde usiku mmoja tu, akiwa amelewa, na kulipokucha akajifanya hakusema kitu.

Yote yalikuwa mle. Toroli, milango, siagi.

"Mwizi," alinong'ona, na hasira zikampanda hadi machozi yakamtoka. Akasoma tena akitafuta mahali alipodhihakiwa, asipaone.

Oakes aliingia nyuma ya pazia jasho likimchuruzika.

"Umekula maneno yangu, Ralph."

"Nimekula mara moja. Wewe yangu umeyala miaka kumi na miwili. Kila nikifa, unajikuna makalio. Kila nikilia, unachomoza hilo lipua lako." Akalipiga kapu teke, na bata akafoka ndani. "Leo wamelia, Hugh. Umewasikia? Watu wazima wanalia, na wewe hapa umewaletea bata!"

"Sikujua kilichoandikwa."

"Lini uliwahi kujua? Lini uliwahi kusoma kazi ya mtu?" Oakes alivua taji, akalitupa juu ya sanduku. "Jumamosi kundi linapiga kura. Mkono wa kukutoa wewe utaona wa nani unatangulia kupanda. Nenda kacheze ngoma yako. Wanakuita."

Kweli walikuwa wakimwita. Mchezo ulikuwa umekwisha, na kila mchezo, hata uwe umejaa maiti, ulifungwa kwa ngoma ya mchekeshaji. "Pettifer! Lete pua, babu!" Miguu ilikuwa ikipiga mbao za roshani.

Aliiacha ngoma yake ya kupiga ikining'inia msumarini. Na bata akamwacha pia. Akatoka mikono imetangulia, vidole vimekunjwa kwenye mipini isiyoonekana, na kabla hajafumbua kinywa watu walikuwa wameshacheka.

"Nipisheni," alisema. "Sikuja kulia. Nimekuja kuchukua mtu."

Kicheko kiliupasua ua. Mwanamume mmoja mbele alimpiga mwenzake mgongoni.

"Ni mwepesi. Mtadhani toroli ni tupu."

Alisema polepole, kama yalivyoandikwa, bila kukonyeza. Wao wakadhani huko kutokukonyeza ndiyo mbinu yake mpya, wakazidi. Juu roshanini Ambrose Lyde alikuwa amesimama, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Midomo yake ilifuata neno kwa neno, na hakuwa akicheka.

"Linalolia ni gurudumu, si mimi. Naye hapendi kelele. Jamani, nani ana siagi kidogo?"

"Shika hiyo, babu!" mtu akapaza sauti, na kipande cha mkate kilichomegwa kikaruka juu ya vichwa, kikaanguka miguuni pake, upande wa siagi ukiwa juu.

Hili halikuwa limeandikwa. Kwenye ule ukanda milango yote ilibaki imefungwa hadi mwisho. Pettifer aliutazama mkate kwa muda mrefu, na kila alivyozidi kuutazama ndivyo walivyozidi kucheka. Mwanamke mmoja muuza njugu alikuwa akijifuta machozi kwa aproni. Nyuma ya pazia Oakes alichungulia, kwa namna ileile ambayo Pettifer alikuwa akimchungulia yeye miaka yote.

Pettifer alipiga magoti. Akachota siagi kwa kidole, akaanza kuipaka hewani, kwenye gurudumu, upande huu, kisha upande wa pili, taratibu, asisahau mahali. Alipomaliza alijifuta kidole kwenye koti, akainuka, akaishika mipini. Akasukuma hatua moja, akainamisha kichwa na kutega sikio.

Lakini watu walikuwa bado wanacheka, na hakuweza kusikia kama limenyamaza.