Neno la Kichina la Mzee Suud

"Wakaazi wa nyumba hii wanaarifiwa kwamba, kuanzia Jumamosi, chai ya alasiri itanywewa saa kumi na nusu badala ya saa kumi, kwa sababu ya masomo ya Kichina. Uamuzi huu hauna rufaa."

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa friji na Mzee Suud, karani mstaafu aliyezaliwa Unguja na kuzeekea Ibra, Omani. Wakaazi walikuwa wawili: yeye na binti yake Ghalia, mwalimu wa jiografia, aliyemtunza miaka tisa tangu mama yake afariki. Kitabu cha Kichina alikileta Yaarub, kaka mtu, anayenunua vigae Guangzhou, Uchina, na kuja kila Idi kuhimiza wengine wamwangalie baba vizuri.

Mwezi ule Ghalia aliomba uhamisho wa kwenda Nizwa, kwenye cheo cha ukaguzi wa shule. Alipomweleza baba yake, mzee alijibu, "Kheri," akaendelea na gazeti. Ghalia angeweza kuondoka, angeweza kubaki; asichoweza ni kufanya lolote kati ya hayo bila kujua kama miaka tisa ile ilionekana. Katika nyumba yao shukrani ilikuwa ya wageni. Muuza gesi alishukuriwa hadi akaona haya. Damu haishukuriwi, kama mtu asivyoushukuru mkono wake wa kulia.

Alasiri moja alikuwa amepiga magoti akimkata baba yake kucha za miguu. Mzee akavaa miwani, akafungua kitabu, akasoma kama anayesoma hukumu.

"Xinku le."

"Ndiyo nini hiyo, baba?"

"Xin ni ukali, kama wa pilipili, ku ni uchungu, kama wa shubiri. Huambiwa mtu aliyetaabika kwa ajili yako."

"Kama pole."

"Pole nimempa hata fundi bomba. Hili halitolewi ovyo. Lazima anayelisema awe ameona."

"Na wewe umeona nini?"

Mzee akageuza ukurasa ambao hakuusoma.

"Miaka tisa unakula mchuzi usio na pilipili. Tumbo bovu ni langu, mwanangu, si lako."

Ghalia aliinamia ukucha uliobaki, akaukata polepole mno.

"Basi nisiende?"

"Sikusema hivyo."

Mzee alipokwenda kutawadha, Ghalia alikichungulia kitabu. Kilieleza kwamba neno hilo ni la kila siku, na huambiwa hata madereva wa teksi. Alikifunga, akakirudisha palepale kilipokuwa. Tangu hapo Nizwa ilikuwa karibu zaidi, na kwenda kwake kugumu zaidi.

Barua ya idara ya elimu ilifika wiki tatu baadaye: ombi limekubaliwa, na utekelezaji wake umesitishwa mpaka itakapoarifiwa vinginevyo.