Kati ya Arobaini na Tisa na Hamsini

Jumatatu saa mbili asubuhi, siku mizani mpya ilipowekwa kwenye ukumbi wa kliniki, fundi mwashi alipanda juu yake, ikasoma kilo hamsini na tisa nukta nne, akatoweka na viatu vyake. Mpimaji alitazama jedwali la dozi ukutani: 40 hadi 49, 50 hadi 59, 60 hadi 69. Mizani ya zamani ilikuwa haijui nukta, na jedwali lilimpokea kila mtu bila maneno. Akaandika kistari daftarini, akamwita anayefuata.

Kufikia mchana walikuwa wametoweka saba. Benchi lao lilibaki na joto, na mmoja wao aliendelea kukohoa. Dirisha la dawa halikuwahudumia, maana dawa hupewa mgonjwa anayeonekana.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mama yake mpimaji. Arobaini na tisa nukta sita.

"Mwanangu, mbona huniangalii?" aliuliza kutoka palepale aliposimama.

Mpimaji alimwendea mkuu wa kliniki, akamwomba wakadirie tu, mama ahesabiwe hamsini. Mkuu, mtu mpole asiyependa makuu, alimkumbusha kwamba mizani imenunuliwa ili waache kukadiria. Na jedwali je? Majedwali yalishachapishwa ya miaka mitano, tena kwa rangi.

Basi wakaishi hivyo. Nyumbani mpimaji alimjua mama yake kwa kikombe kilichopanda na kushuka, na kwa kikohozi, ambacho kilizidi kwa kukosa dawa. Wiki ya sita mama alionekana jikoni, ngozi na mifupa, akitafuta chumvi. Mpimaji alifurahi mpaka akalia. Alimkimbiza kliniki: arobaini na tisa kamili. Akapewa dawa za wiki moja.

Dawa zilimkubali. Hamu ya chakula ikarudi, mashavu yakaanza kujaa, na siku ya sita, akiwa katikati ya umbea wa jirani, hakuonekana tena. Umbea aliumaliza. Dawa za wiki ya pili hakupewa.

Mambo hayo yalipojirudia mara ya tatu, mpimaji akachukua upawa. Tangu hapo yeye ndiye anayepakua. Hupakua nusu sahani, kisha hufunika sufuria.

"Niongeze kidogo, mwanangu."

"Kimeisha, mama."

Mama huitazama sufuria, ambayo bado inatoa mvuke, halafu humtazama binti yake, ambaye anamwona vizuri kabisa.