Zawadi Tatu Mkobani

Mimi ni msusi, na kichwa cha mama nakisuka bure, tena kwa kugombezwa. Siku ile nilimgeuza uso kwenye mwanga wa mlango nimpange nywele za mbele, nikaona macho yake ni ya manjano. Si kidogo. Manjano kabisa!

"Mama, unaumwa?"

"Uchovu tu. Suka, usinipotezee muda."

Thubutu! Nilimfunga kitambaa kichwani, nikampeleka hospitali mzobemzobe. Njia nzima ananinunia.

Daktari alimpima damu, akasema ini limeumia. Akauliza anatumia dawa gani. Mama akataja vidonge vya goti alivyoandikiwa hospitali hiyo hiyo, kisha akauvuta mkoba wake karibu. Namjua mama yangu. Nikachukua mkoba wake nikaumwaga kitandani. Lo! Kopo la unga wa mizizi, kutoka kwa kaka yangu, dereva wa lori. Vidonge vya majani vya kusafisha damu, kutoka kwa dada, mwalimu. Na chupa yangu mimi, ya kuongeza nguvu, niliyouziwa na mteja saluni.

"Vyote hivi kwa pamoja?" daktari akauliza.

"Nina watoto watatu," mama akajibu. "Nikinywa ya mmoja nikaacha ya mwingine, si nitakuwa nimebagua?"

Daktari hakucheka. Alisema mitishamba nayo ni dawa, na ikichanganywa ovyo inaweza kuumiza ini. Akiendelea, ini litashindwa kazi na tutampoteza. Mama akavirudisha vyote mkobani, akaukumbatia. "Wakipiga simu kuuliza kama nimekunywa, niwadanganye wanangu?"

Mama na ukaidi wake! Nikawaita wenzangu. Dada alifika na chaki mikononi. Kaka, jitu zima lenye sauti ya honi, alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, naomba unirudishie zawadi yangu," akasema, machozi yanamtoka. Dada naye akaomba yake. Mimi nikanyoosha mkono. Akatukabidhi moja moja, huku anatukagua nyuso kama kuna aliyeudhika.

Wiki zikapita, macho yakarudi meupe. Asubuhi moja tunakunywa chai jikoni, nikamuuliza kama angalau zile dawa zilimsaidia.

"Wapi! Chungu kama nyongo. Yako ndiyo ilikuwa inanitapisha."

"Sasa kwa nini ulikunywa, mama?"

Aliweka kikombe chini, akanitazama kana kwamba nimeuliza upuuzi.

"Si ulinipa wewe?"