Kamba Aliyeachwa Aoze

Mama Chapuchapu alihamia kwa binti yake baada ya magoti kumgomea kabisa. Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa ameuza samaki sokoni, akisimama kutwa nzima kwenye sakafu yenye maji, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya mdomo wake. "Chapuchapu, mwanangu! Huyu samaki hana muda wa kukungoja ufikirie!" Alipara magamba, akakata, akafunga, akapokea pesa, na kabla hujarudisha pochi mfukoni alikuwa ameshamwita mwingine. Watu walisema hata usingizi analala mbiombio.

Binti yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mume wa binti alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, mwenye maneno ya kuhesabika. Fundi na mama mkwe wake waliheshimiana mno, ile heshima ya kuongea huku kila mtu anatazama zulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Habari za kazi?"

"Nzuri mama."

Hapo mazungumzo yalikuwa yamekwisha mpaka kesho yake jioni.

Sebuleni, pale ambapo nyumba nyingine huweka televisheni, fundi alikuwa ameweka tangi la kioo lenye urefu wa meza ya chakula. Ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi, mchanga mweupe, mawe yaliyojaa matundu na pampu iliyonong'ona usiku na mchana. Samaki hawakuwamo hata wa dawa.

"Samaki wako wapi?" Mama Chapuchapu alimuuliza binti yake siku ya kwanza, hata mkoba hajautua.

"Bado, mama. Maji hayajaiva."

"Maji yanaiva? Kwani mnayapika?"

"Mume wangu ndiye anayejua. Mimi mwenyewe nimechoka kuuliza."

Mama Chapuchapu hakuridhika. Mtu ana maji, ana chumvi, ana umeme, na samaki wamejaa duniani. Anangoja nini? Alimwonea mkwe wake huruma, akadhani labda pesa zimemwishia kwenye mawe na anaona aibu kusema.

Asubuhi moja, wenzake wote wakiwa wametoka, alisogeza kiti karibu na tangi. Macho yake yakatua mchangani na moyo ukamlipuka. Palikuwa na kamba, mzima na masharubu yake, ameoza! Ameota utando mweupe kama pamba na nyama imeanza kumeguka. Mwanamke aliyepigana na uozo tangu ujana wake, kwa barafu, kwa maji baridi, kwa kuamka alfajiri, sasa anauona uozo umekaa sebuleni kwa mwanawe kama mgeni rasmi! Akajua moja kwa moja kilichotokea. Maskini fundi aliweka chakula cha samaki, akasahau kuwa samaki wenyewe hajawanunua.

Akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono mpaka begani, akamtoa yule kamba, akamfunga kwenye gazeti, akamtupa kwenye pipa la nje. Kisha akafuta matone sakafuni na kukaa, roho kwatu.

Jioni fundi alirudi, akasalimia, akainama mbele ya tangi. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akapiga magoti, akachungulia nyuma ya mawe.

"Samahani," alisema mwishowe, akiwa bado ameelekea kwenye kioo. "Kuna mtu amemwona kamba wangu?"

"Nimekusitiri, baba," akasema Mama Chapuchapu. "Alikuwa ameoza. Nimeshamtupa."

Mabega ya fundi yakaanza kutikisika. Mama Chapuchapu akashtuka, akidhani amemliza mkwe wake, lakini fundi alipogeuka, alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, ameshika mbavu. Tangu amwoe binti yake, hakuwahi kumsikia mtu huyu akicheka kwa sauti.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "nilimweka aoze."

"Makusudi?"

"Makusudi, mama."

Akavuta kigoda, akakaa, akamweleza. Kitu kikioza majini hutoa sumu iitwayo amonia. Uchafu wa samaki nao hutoa sumu hiyohiyo, na katika tangi jipya samaki huungua mashavu kwa uchafu wake mwenyewe, akafa. Lakini wapo vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huishi kwenye yale matundu ya mawe na chakula chao ni sumu hiyo. Vikilishwa huzaana, na vikishakuwa vingi ndipo samaki anaweza kuingia akaishi. Na hakuna mtu anayeweza kuviharakisha kuzaana.

"Kwa hiyo unafuga wadudu usiowaona."

"Ndiyo mama."

"Na unawalisha kamba."

"Ndiyo mama."

"Kamba! Baba, sokoni kamba walikuwa wanaliwa na watu wenye magari!"

Binti yake alipotoka jikoni kuona kuna nini, aliwakuta wawili hao wanacheka mpaka hawawezi kusema.

Kosa ni lake, kwa hiyo Mama Chapuchapu akaapa kulilipa. Akampigia simu rafiki yake wa sokoni, mama mmoja mwuza pweza ambaye kila mtu alimwita Mama Pweza.

"Nitafutie kamba mmoja," akamwambia. "Asiwe mzima sana. Nataka aliyeanza kuchoka."

"Wewe?" akauliza Mama Pweza. "Wewe uliyemrudishia mvuvi kapu zima kwa sababu ya jicho moja la samaki? Hayo magoti yamepanda kichwani?"

Kamba akapatikana, akawekwa, akaoza vizuri. Kila Jumamosi fundi alichota maji kidogo kwenye kichupa, akadondosha dawa ya kupimia, akakitikisa. Yakigeuka kijani, sumu bado ipo. Yakibaki ya manjano, ni salama. Mama Chapuchapu alivaa miwani, akainua kichupa dirishani. Kijani. Jumamosi nyingine, kijani kama mchicha. "Hawa wadudu wako ni wavivu," alisema, akarudi kukaa, na Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kuuliza kichupa kiko wapi.

Jumamosi moja wakiwa bado kwenye kijani, mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Pweza, jasho linamtiririka, ndoo kichwani. Ndani ya ndoo palikuwa na samaki hai, mnene kama mkono wa mcheza mieleka, anapiga mkia maji yanaruka.

"Kila ukinipigia simu unalalamika kuwa mna tangi halina samaki," alisema Mama Pweza. "Nimechoka. Zawadi hii. Tangi lenyewe liko wapi?"

Fundi akasimama, rangi imemtoka. Mgeni wa mama mkwe, tena mtu mzima, tena na zawadi mkononi! Angeanzia wapi kumkatalia? Mama Pweza alikuwa ameshaufikia mfuniko wa tangi, ameshainua ndoo.

"Tua ndoo," ilisema sauti ya sokoni.

Mama Chapuchapu alikuwa amenyanyuka bila fimbo, amejibana kati ya ndoo na kioo kama kipa.

"Nitue? Mimi nimekuletea…"

"Nakushukuru, dada yangu. Mungu akuzidishie. Lakini humu haingii mtu. Vijidudu vyangu bado vichache."

"Vijidudu vya nani?"

"Vyangu. Vinakula sumu. Hili jitu lako likijisaidia mara moja tu, litakufa lenyewe na vyote vilivyomo, na tutaanza upya na kamba mwingine!"

Mama Pweza alimtazama shoga yake, akamtazama fundi, akatazama yale mawe yasiyo na kitu. Kisha akatua ndoo, akakaa sakafuni palepale, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Alikunywa chai, akaoneshwa kichupa cha kijani, akarudi na ndoo yake. Samaki alirudishwa kwenye pipa la aliyemuuza, ambaye alimpokea kwa mshangao mkubwa.

Baadaye tangi likaota ukungu wa kahawia, kioo, mchanga na mawe, likawa kama sufuria iliyoungua. Mama Chapuchapu akatafuta brashi na kipande cha sabuni.

"Mama! Sabuni hapana!" fundi akapiga kelele, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Kumpigia kelele mama mkwe!

"Sasa si ungesema," akajibu yeye, akarudisha sabuni bafuni bila kinyongo. Ukungu ukapungua wenyewe.

Siku maji yalipobaki ya manjano, na Jumamosi iliyofuata yakabaki ya manjano tena, fundi alileta konokono wachache wa baharini wa kusafisha kioo. Na katika kuwatazama hao, Mama Chapuchapu aliona kitu kwenye tundu la jiwe. Kilikuwa kama unyoya mdogo mwekundu, kinafunguka, kinayumba na maji, kisha kinajificha akisogeza uso. Mnyoo tu, fundi alimwambia, alikuja na jiwe. Lakini mama yule alikaa nao tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Viumbe vya baharini alikuwa amevijua kwa kilo. Hakuwahi kukaa na hata kimoja akakitazama kinavyofanya shughuli zake.

Hatimaye wakaenda dukani, wote watatu. Kwenye duka la samaki wa mapambo kuta zote zilikuwa kioo na rangi, na fundi, yule mtu wa subira, alipoteza akili. Alisimama mbele ya samaki wa buluu, akahamia kwa wa manjano, akarudi kwa wa buluu, mkono unaelekea mfukoni.

"Chukueni kundi zima," mwenye duka alisema. "Ukichukua wengi nakupunguzia. Na kesho huenda wasiwepo."

Mama Chapuchapu alimtazama kwa mapenzi. "Mwanangu," alisema, "wimbo huo nimeuimba mimi kabla hujazaliwa." Kisha akamshika mkwe wake kiwiko. "Baba. Vijidudu havijazoea mzigo. Wawili tu, tena wadogo."

"Lakini mama, yule wa buluu…"

"Wa buluu ana kwao. Tutarudi."

Wakanunua wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, kila mmoja hazidi kidole gumba. Nyumbani mfuko wenye samaki ukaachwa uelee juu ya maji mpaka ukapata joto lake, kisha maji ya tangi yakadondoshwa ndani yake tone kwa tone, samaki wazoee. Walipofunguliwa, waliingia nyuma ya jiwe puu, wakapotea. Chakula cha jioni kikaliwa, vyombo vikaoshwa, hawakuonekana.

Asubuhi nyumba nzima ilisikia ukelele. Binti alitoka bafuni mbio, khanga kifuani na sabuni kichwani. Fundi alitoka chumbani, mguu mmoja ndani ya suruali, mwingine nje.

"Wametoka!" Mama Chapuchapu alikuwa anapiga makofi. "Waoneni wanavyocheza viuno! Huyu mkubwa anamsukuma mwenzake, tazameni, anamsukuma! Ee, mwache mwenzio!"

Wakajibana watatu mbele ya kioo, bega kwa bega. Fundi akampa mama mkwe wake chakula, punje chache kwenye kiganja, naye akazinyunyiza kwa ncha za vidole. Samaki mdogo akapanda, akasita, akadaka moja, akaitema, akaidaka tena.

"Amekula!" wakasema kwa pamoja.

Hakuna aliyekumbuka saa. Friji moja mjini ilisubiri sana fundi wake siku hiyo, na mwalimu alifundisha vipindi viwili na povu nyuma ya sikio kabla mwanafunzi mmoja hajathubutu kumwambia.